Mtoto Niliyemweka Jaani

Watu waliokuja kunifariji walimaliza mchele wote. Ninaanzia hapo makusudi. Nikianzia kwa Mungu nitaonekana mtakatifu, na wanaonijua watacheka mpaka wakae chini.

Tulikuwa tukikaa Kitale, katikati ya miaka ya themanini, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya Kalasinga mmoja mwenye kilemba. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilikuwa na kidato cha nne na cheti chake, lakini ukiniambia twende mahali, hata mahali pazuri, nilianza kutafuta kisingizio kabla hujamaliza kusema. Mume wangu aliwaambia wenzake wa gereji kwamba yeye alioa kabati: ukiliacha mahali asubuhi, jioni unalikuta hapo hapo.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikufa akiwa na miezi minane. Wa pili, mvulana, aliukaribia mwezi wa tisa, akaamka na joto, na kabla ya saa kumi jioni tukawa hatuna mtoto tena. Tulimzika Bungoma, upande wa Mabanga, kwa wazazi wa mume wangu, kando ya dada yake. Wote wawili hawakuvuka mwezi wa tisa. Hiyo tisa ikanikaa kichwani kama msumari kwenye kiatu. Unatembea, lakini unajua iko.

Tuliporudi Kitale, kina mama wa kanisa wakaja kunifariji. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo kila aliyeingia alisema, "Pole sana, Mama..." kisha akalimeza jina na kuangalia ukuta. Walikuwa kama ishirini. Niliwapikia. Ndiyo, mimi niliyefiwa ndiye niliyepika, kwa sababu ukimwachia mgeni jiko lako hutaona kijiko tena mpaka Krismasi.

"Mungu alihitaji malaika mdogo," akasema mmoja, mkono mmoja begani mwangu na mwingine kwenye sahani.

"Kweli kabisa," akaitikia mwenzake. "Yeye huchuma maua yaliyo mazuri."

Nikainama nikachochea moto. Bustani yote ile aliyo nayo mbinguni, bado anaruka seng'enge kuja kuchuma kwangu? Mara mbili? Na hao wenye watoto tisa, hakuna hata jani moja linalompendeza? Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliuma. Lakini nilitabasamu, maana tulifundishwa kwamba mtu aliyeokoka hakasiriki.

"Usilie sana, dada, utamhuzunisha Bwana," akasema wa tatu. Halafu kwa sauti ya chini, "Mchuzi umebaki kidogo?"

Katika kanisa letu kulikuwa na desturi. Aliyefiwa alipewa majuma mawili, kisha Jumapili ya tatu alisimamishwa mbele atoe ushuhuda. Kama ushuhuda wake ulikuwa na machozi mengi, kina mama walikubaliana kwamba imani yake imelegea, na walirudi nyumbani kwake kila Jumatano kumwombea. Wote ishirini. Na njaa zao.

Basi Jumapili ya tatu nilisimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Nataka kusema kwamba nina amani. Sina swali. Nalala usingizi mzuri na ninamshukuru Mungu kwa yote."

Wakapiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Sikuwa nimelala siku kumi na saba. Nilimdanganya Mungu mbele ya watu mia ili nisipikie watu ishirini. Nilirudi kwenye benchi nikaketi, nikajiona mwerevu.

Adhabu yake ilikuja upesi. Kwa kuwa ushuhuda wangu ulikuwa mzuri, nikateuliwa kufariji wengine. Mimi, kabati, nikaanza kubebwa huku na huku. Mwezi uliofuata nilipelekwa Kiminini kwa mwanamke aliyezika mtoto wa miaka miwili. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, matiti yamefungwa leso, kwa maana alikuwa bado ananyonyesha. Wenzangu waliimba, wakaomba, kisha wakanisukuma mbele: haya, mwambie.

Nikamwambia. Amani, usingizi mzuri, shukrani.

Aliniangalia. Hakuwa na dharau. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Hiyo amani uliipata wapi, dada?" akauliza. "Nielekeze. Nitaenda hata kwa miguu."

Sikuwa na mahali pa kumwelekeza. Wenzangu wakaanzisha wimbo mwingine haraka. Tulipokuwa tunaondoka alikuwa bado ananiangalia, anangoja jibu, na mimi nilitafuta viatu vyangu kama mwizi. Kuanzia siku hiyo hasira yangu iligeuka. Awali niliwakasirikia kina mama na Mungu. Sasa nilijikasirikia mimi mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi, maana mtu huyo huwezi kumfungia mlango.

Nikapata mimba ya tatu. Mama mkwe alituma neno kutoka Bungoma: safari hii nijifungulie kwake. Nilitaka kukataa, lakini mume wangu alisema, "Mara mbili tumefanya kwa akili yetu. Tujaribu akili ya mama." Nikafunga mizigo.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, mwenye mzaha wa kuchoma. Aliokoka kabla mimi sijazaliwa, na kitambaa chake cheupe cha kina mama wa kanisa kilikuwa kimefuliwa mpaka kimeanza kuonyesha upande wa pili. Alinipokea kwa kusema, "Karibu, msichana wa Kitale. Ati nasikia hata jua huwa linakuja kukutafuta ndani ya nyumba." Lakini alinikanda kwa maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe, na nilipojifungua msichana, yeye ndiye aliyelia, si mimi. Mimi nilimwangalia yule mtoto kama mtu anayeangalia kitu dukani ambacho anajua hatakinunua.

Siku ya nne akaniambia, "Kesho tunamweka jaani."

Nilijua maana yake, kila mtu wa kwetu anajua. Mwanamke akiwa anazaa na watoto wanakufa, anayefuata huwekwa juu ya jaa la majivu nyuma ya jiko, kama takataka. Mwanamke wa ukoo mwingine, ambaye ameshaambiwa, anapita kama mpita njia, anamwona, anapiga kelele kwamba ameokota mtoto aliyetupwa, anaenda naye kwake. Baadaye anamrudisha, nanyi mnamlea kama mtoto wa mtu mwingine. Kifo kinapokuja kutafuta mtoto wako, kinakuta huna.

"Mama," nikasema, "mimi nimeokoka. Na wewe pia."

"Yesu ananijua tangu zamani, hatakuwa na shida na mimi," akasema. "Sasa huyu kifo ndiye hanijui. Huyo tunamdanganya."

"Kanisa litanitoa."

"Kanisa limekuzalia watoto wangapi?"

Nilikubali. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu baadaye nilisikia watu wakinitetea kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Niliogopa. Nilikuwa nimejaribu maombi ya adabu na yakaniletea makaburi mawili, na kama mtu angeniambia nimpeleke mtoto akalale juu ya paa la stesheni ya reli ya Bungoma, ningeuliza tu ngazi iko wapi.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alimfunga mtoto kwa kipande cha leso kuukuu, akamlaza juu ya jani la mgomba, akaliweka jani juu ya majivu. Mimi nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Sharti ni kwamba mama mzazi haangalii. Anaketi kama mtu asiye na habari. Yule mwanamke wa kuokota alikuwa apite dakika hiyo hiyo.

Hakupita.

Nilimsikia mtoto akianza kulia. Nikamsikia kuku akichakura. Halafu mabati yakaanza kupiga ta, ta, ta, matone makubwa ya mvua ya huko kwetu, yale yanayokuja kabla hujaanua nguo. Mtoto akalia zaidi. Nilikuwa nimeketi juu ya kitanda, nimeshika magoti yangu. Kisha akanyamaza.

Sijawahi kutoka nyumbani kwa mbio namna ile, wala kabla wala baadaye. Niliruka kizingiti miguu mitupu, bado nina maumivu ya uzazi, nikafika jaani, nikamkuta macho wazi, majivu yamegeuka uji kwenye shavu lake, anaramba tone la mvua. Nikamwokota.

"Weee!" Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Rudisha! Rudisha mtoto chini!"

"Sirudishi."

"Ukimwokota mwenyewe kifo kitajua ni wako!"

"Kijue! Kijue basi! Kwani kilikuwa kimepotea njia?"

Alisimama pale mvuani, mwiko umeshuka. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na hasira zaidi. Wakati huo huo yule mwanamke wa kuokota akatokea kwenye njia, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, anahema.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza. "Nisameheni, bana, nilikutana na shemeji pale kwa njia akanishika na maneno."

Mama mkwe alimwambia neno moja la Kibukusu ambalo sitaliandika.

Sasa angalia nilipojiweka. Kwa kanisa, nilikuwa nimemtoa mtoto kwa mila. Kwa mila, nilikuwa nimeharibu kazi yote kwa kumwokota mwenyewe. Wengine huvunja sheria moja wakapata faida ya ile nyingine. Mimi nilivunja zote mbili kabla ya chai ya saa nne. Mtoto wangu hakuwa na ulinzi wowote duniani isipokuwa Mungu, na Mungu mwenyewe hatukuwa tunasemezana.

Habari ilifika Kitale kabla yangu, maana mmoja wa kina mama wetu alikuwa na dada pale karibu na Mabanga. Wiki ya pili tangu nirudi, mzee wa kanisa alikuja na mwenzake. Aliketi kwenye kiti cha mume wangu bila kukaribishwa.

"Dada, tumesikia uliweka mtoto jaani."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe uliyetoa ushuhuda ule wa amani!"

"Ndiyo, mimi huyo."

"Sasa, unatubu?"

"Nitubu lipi, mzee? Kumweka au kumwokota?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama dari.

"Hilo tutakaa kama kamati," akasema, "tuliangalie." Sijui kama walishainuka. Ila uamuzi wa muda ulitoka Jumapili hiyo hiyo: nisishiriki meza ya Bwana, nisiimbe na kina mama, na niketi benchi la nyuma mpaka nitubu hadharani. Lile benchi la nyuma, kusema kweli, lilinifaa. Lilikuwa karibu na mlango. Lakini mkate ulipopitishwa na kunikwepa kana kwamba nina upele, niliona giza. Walikula wali wangu wote, wao. Na mkate wa Bwana, ambao hawakuuoka wao, wananinyima.

Miezi ikaenda. Mmoja, miwili, minne. Yule mtoto alikuwa na jina, lakini sikumwita kwa hilo. Nilisema "huyu". Huyu amekojoa. Huyu anataka kunyonya. Sikumshonea nguo, alivaa zile za marehemu ndugu zake, na kila nikizifua niliona mikono mingine. Nilikuwa nikiweka kiganja mbele ya pua yake mara arobaini kwa siku. Akilala nusu saa zaidi, namwamsha. Akiamka analia, nakasirika kwamba analia. Mume wangu aliniambia, "Utamuua huyu mtoto kwa kumwangalia." Alikuwa anatania, kisha akaona uso wangu, akaenda gereji bila kumaliza uji.

Na maombi? Nilikuwa nikiomba bado, kwa ule mtindo wa barua ya kuomba kazi: Baba mwema, nina heshima kubwa kuja mbele zako. Niliomba vile kwa sababu nilimwogopa. Kama mtoto huyu akiishi, nilijiuliza, ni kwa sababu ya jaa? Basi imani yangu ni bure. Akifa, ni Mungu amenilipa kwa sababu ya jaa? Basi mimi ndiye niliyemuua. Nilizunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, nikala majani yote ya mviringo ule mpaka likabaki vumbi.

Siku moja nilikuwa nafua nepi uani, mwezi wa saba wa mtoto unaelekea wa nane, na sala ya barua ikanikwama. Nikaipiga nepi kwenye beseni. "Kwa nini?" nikasema. Kwa sauti. "Wewe, nakuuliza, kwa nini? Walikukosea nini? Yule wa pili alikuwa ameanza kupiga makofi!" Nikaendelea. Nilimwambia yote, nikapiga nepi ile mpaka ikapasuka. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Unagombana na nani, mama?"

"Na Mungu," nikasema.

"Haya," akasema, akarudi chini taratibu.

Nilingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Sikupigwa na radi, wala sikupata amani, kama ndiyo unangoja niseme. Nilipata tu nepi iliyopasuka. Lakini tangu siku hiyo niliacha ile lugha ya barua. Kila siku penye beseni niligombana naye, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa kwanza afe, nilihisi kuna mtu upande wa pili wa maneno yangu. Ukimsifu mtu huku umemkasirikia, wewe mwenyewe hupo pale. Naye angeongea na nani?

Kisha mwezi wa nane ukafika, na asubuhi moja mtoto akaamka na joto.

Joto lile lile. Nililijua kabla sijamgusa, kwa harufu ya pumzi yake. Nilikimbia mpaka gereji nikiwa na leso mbili zisizofanana. Kalasinga alikuwa chini ya gari. Alitoka, akamwangalia mtoto, akamtupia mume wangu ufunguo: "Chukua pikapu. Enda. Usisimame kueleza mimi." Huyo ndiye mtu wa kwanza katika miaka mitatu aliyenisaidia bila kunieleza mapenzi ya Mungu, nami nilimpenda sana kwa dakika tano.

Hospitalini walisema ni malaria kali. Wakamwekea dripu ya kwinini kwenye mshipa wa kichwa, maana mkono ulikuwa mdogo mno. Kitanda kimoja, watoto wawili, kichwa huku na kichwa kule. Sista, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada, akaniambia, "Angalia hiyo chupa, mama. Ikikaribia kuisha unaniita. Usilale." Nikamwambia mimi silali, ni kazi yangu. Mume wangu akarudisha gari.

Saa sita mchana mzee wa kanisa akaja. Sijui nani alimwambia. Alikuwa na Biblia kwapani na kofia mkononi, akasimama upande wa miguu ya kitanda.

"Dada, huu ndio wakati," akasema. "Tubu sasa, hapa hapa, kwa ajili ya mtoto, ili maombi yetu yasizuiliwe."

"Yazuiliwe na nani?"

"Na dhambi ile."

Nilisimama. Mimi ni mfupi, lakini nadhani siku hiyo nilikuwa mrefu kidogo. "Mzee," nikasema, "ukiwa na mtoto wako hapa, anapumua hivi, halafu wewe useme maji ya kunywa utampa akishaomba msamaha kwanza, wewe ni baba wa namna gani?"

"Mimi sisemi hivyo."

"Umesema hivyo. Umemsemea Mungu hivyo, mbele ya mtoto wangu. Nenda nyumbani, mzee. Nenda. Ukibaki nitakurushia hiki kikombe, halafu kamati itakuwa na mambo mawili ya kukalia."

Sista alipiga kelele kutoka upande wa pili wa wodi kwamba hapa si sokoni. Mzee akavaa kofia ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Nikaketi. Mtoto alikuwa amefumba macho, dripu inadondoka, tone, tone. Na nikagundua kwamba katika kumfukuza yule mzee, nilikuwa nimesema jambo ambalo nililiamini. Sikulipanga. Lilitoka tu na hasira. Nilikuwa nimemtetea Mungu. Mimi, ambaye nilikuwa nikimpigia nepi kwa majuma kadhaa, nilikuwa nimemwambia mtu kwamba Mungu si baba wa namna hiyo.

"Basi sawa," nikamwambia, polepole, maana mama wa yule mtoto mwingine wa kitandani alikuwa ananiangalia. "Sasa nisikilize. Sina ushuhuda. Ule mwingine ulikuwa uongo, na ulijua. Nimekukasirikia kwa ajili ya wale wawili niliowazika, na sijui kama nitaacha. Huyu akienda nitakukasirikia zaidi. Lakini siendi kwa mwingine. Sina mwingine. Nitakuja kukukasirikia wewe tu. Huyu si wangu wa kumficha, wala si wa jaa. Ni wako. Mshike, maana mimi nimechoka kumshika."

Ilitokea hapo. Ningependa kukuambia nilisikia sauti, ingefanya kitabu kizuri zaidi. Niliona tu kwamba kile kitu kilichokuwa kimenikunja tumboni tangu kaburi la kwanza kilikuwa kimefunguka, kama mtu anavyofungua ngumi baada ya kusahau kwamba ameikunja. Joto la mtoto halikuwa limeshuka. Hakuna daktari aliyekuwa amesema neno zuri. Hakuna kilichobadilika kitandani pale. Na mimi nikalala. Nililala usingizi wa mchana kweupe, mdomo wazi, kwenye kiti cha mbao.

"Wewe mama!" Sista alikuwa amenishika bega, ananitikisa kama mti wa mapera. "Nilikwambia nini? Dripu imeisha na wewe unakoroma! Wodi nzima inakusikia!"

"Nisamehe, sista."

"Ati hulali. Ati ni kazi yako!"

Mtoto alikuwa ameamka. Alikuwa anavuta nywele za mwenzake wa kitanda, na yule mwenzake analia.

Tulirudi nyumbani siku ya tano. Nilikuta sufuria zote ziko chini, uji umekauka ndani kama saruji, na mume wangu akisema kwamba alikuwa "anaziloweka". Siku tano! Niligombana naye mpaka majirani wakasikia. Mtu akifikiri amani ni kunyamaza, asije kwangu.

Ile hasira yangu kwa Mungu kwa ajili ya wale wawili haijaisha. Sikuambiwa sababu, na wale wanaodai wanaijua bado nawakwepa. Nilitafuta njia ya kumrudia yule mwanamke wa Kiminini nimwambie nilidanganya, na kwamba sasa ningeweza kumwelekeza, angalau kidogo. Nilikwenda, mimi mwenyewe, kwa hiari. Alikuwa amehama. Majirani hawakujua alikoenda. Hilo litanikaa.

Baada ya muda, asubuhi moja mama mkwe aliingia kutoka Bungoma bila taarifa, kuku wa kufungwa miguu chini ya kwapa, kitambaa chake cheupe kichwani. Hakusalimu. Alimtafuta mtoto kwa macho, akamwona, akaketi juu ya debe.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Alhamisi, mama."

"Nauliza mtoto ana muda gani!"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Mwezi wa tisa ulikuwa umeisha wiki iliyopita, Jumatano. Jumatano ile nilikuwa nikifua mablanketi, kwa sababu jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ndefu, na nilikuwa nikifikiria mablanketi.

"Nilisahau," nikasema.

"Umesahau!" Akampiga kuku kofi kwa makosa. "Mimi kule silali! Nahesabu siku kwa punje za mahindi, naweka kwa kikombe, moja, moja, mpaka mzee wangu ananiuliza kama nimeanza uganga! Na wewe hapa umesahau?"

"Ningekumbuka, siku ingepita vizuri zaidi?"

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akajifuta na mbawa ya kuku. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeona mtoto ameshafika kwenye jiko, ameketi chini, mdomo mweusi, anatafuna kipande cha makaa.

Nilimnyakua. Nikamtoa makaa kwa kidole, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti kubwa, nikamgombeza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Polepole," mama mkwe akasema, "si ni mtoto."

"Hata akiwa mtoto, mama. Lazima ajue. Kesho atarudi hapa hapa."